Mwalimu wa Ujiji anauliza: nimlipe huyu wa Dar, au kitabu changu nikitoe mwenyewe?

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Ujiji. Nimeandika hadithi ya mtoto anayeamka alfajiri kwenda na babu yake mwaloni Kibirizi kupokea mitumbwi ya dagaa, na picha nimezichora mwenyewe kwa rangi za maji. Wanafunzi wangu wanaipenda mno. Ndoto yangu ni kutunga, kusanifu na kuchapisha vitabu vya watoto iwe ndiyo kazi yangu, ikibidi hata niache ualimu. Kuna mtu Dar es Salaam niliyeunganishwa naye kwa simu. Anasema nikimtumia milioni mbili atakuwa mchapishaji wangu, atanipatia ISBN ili hadithi isiibiwe, na nitapata nakala 500. Steshenari moja hapa mjini wanaweza kunichapia hata nakala 50, ila bei ya kila moja iko juu. Rafiki zangu wanasema faida iko kwenye nakala nyingi. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi, na je, kazi hii inamlisha mtu akiwa Kigoma?"

Marahaba, mwalimu. Hongera kwanza kwa kumaliza. Wengi wanaoniandikia wana wazo la kitabu. Wewe una hadithi iliyokamilika na picha zake.

Nikikuelewa vizuri, unaogopa mambo matatu: kuibiwa hadithi, kupoteza milioni mbili, na kwamba mtu aliye Kigoma, mbali na mitambo na maduka ya vitabu, hawezi kuishi kwa kazi hii. Hofu ya kwanza ni ndogo kuliko unavyoiona. Ya pili ni ya kweli kabisa. Ya tatu jibu lake linategemea unataka kuwa nani, maana umezitaja kazi tatu kana kwamba ni moja.

Mtunzi huandika, na hulipwa mwisho kabisa, kama kuna kilichobaki. Msanifu hupanga kurasa, huchagua herufi, hutengeneza jalada na kuandaa faili la kwenda mtamboni. Huyu hulipwa kwa kazi aliyoifanya, kitabu kiuzike kisiuzike. Mchapishaji ndiye anayewalipa wengine. Anagharamia uhariri, usanifu, uchapaji na usafiri, halafu anakaa na maboksi akisubiri wanunuzi, na hasara ikija ni yake peke yake. Mtu mmoja anaweza kuzibeba zote tatu, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini ukichungulia daftari zao za mapato, kinacholipa kodi ya nyumba mara nyingi ni usanifu, na uchapishaji unakua polepole pembeni yake. Kila ushauri unaopewa, jiulize unamfaa yupi kati ya hao watatu.

Tuanze na ISBN, kwa sababu hapo umeambiwa jambo lisilo kweli. Namba hiyo haimzuii mwizi. Ni utambulisho wa toleo, wenye tarakimu 13, ili duka, maktaba na msambazaji wajue wanazungumzia kitabu kipi. Chukua kitabu chochote cha Kitanzania kabatini kwako ukigeuze nyuma: mara nyingi utakuta 978, kisha 9976 au 9987. Hizo za pili ni za Tanzania. Zinazofuata zinamtambulisha mchapishaji, kisha kitabu chenyewe, na ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki kwamba nyingine hazikukosewa. Hapa nchini namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sasa angalia: kwa kuwa namba inamtambulisha mchapishaji, huyo wa Dar akiiomba kwa jina lake, kwenye kumbukumbu mchapishaji wa kitabu chako ni yeye. Ukiiomba mwenyewe, ni wewe. Haihitaji dalali. Kitabu kikija kutolewa pia kwa umbo la kielektroniki, toleo hilo litataka namba yake. Lakini ukirudia kuchapa kilekile bila kukibadilisha, namba inabaki ileile.

Kinachokulinda ni hakimiliki, na unayo tayari. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hiyo inaanza pale kazi inapokuwa imeandikwa au kuchorwa, bila fomu wala ada, nayo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ni hiari, lakini kunasaidia: kukitokea ugomvi una karatasi ya kuonyesha. Jambo moja sheria hailindi ni wazo. Mtu mwingine akiandika hadithi yake ya mtoto na babu mwaloni, hana kosa. Akichukua sentensi zako au picha zako, analo. Kwa hiyo tunza michoro ya kwanza na rasimu zenye tarehe, hata zile chafu. Baada ya hapo, lala usingizi. Vitabu hudurufiwa, ndiyo, lakini vinavyodurufiwa ni vile ambavyo tayari watu wanavitafuta. Chako bado hakuna anayekijua, na hilo ndilo la kukushughulisha zaidi.

Nije kwa huyu bwana. Mchapishaji wa kawaida hamwombi mtunzi fedha. Anagharamia kitabu mwenyewe, anakiuza, na anamlipa mtunzi mrabaha, mara nyingi asilimia 10 hivi, ama ya bei ya kitabu ama ya kile kilichomfikia mchapishaji baada ya duka kukata chake. (Soma mkataba uone ni ipi. Tofauti yake ni kubwa.) Anayetaka umlipe wewe, anauza huduma. Si lazima awe tapeli. Kuna watu wanaifanya huduma hiyo kwa uaminifu, na mtu asiye na muda wa kuhangaika na mitambo anaweza kuona fedha yake imekwenda mahali pazuri. Ila akiwa mtoa huduma, wewe ndiye bosi, na bosi huuliza. Nakala 500 zikishatoka ni mali ya nani? Ndani kuna rangi, au rangi ni ya jalada tu? Karatasi ya gramu ngapi (yaani uzito wake kwa mita moja ya mraba)? Nitapewa faili la kurasa linaloweza kuhaririwa, au PDF peke yake? ISBN itakuwa kwa jina la nani? Na lile zito kuliko yote: unachukua haki gani, za lugha zipi, kwa miaka mingapi? Akikujibu "hayo tutayaona mbele", usimtumie hata shilingi.

Watu wanaopenda habari za kujichapishia humtaja Beatrix Potter wa Uingereza, aliyekataliwa na wachapishaji, akachapa nakala 250 kwa fedha zake mwaka 1901, na mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kitabu chake. Ni kweli tupu. Wanachosahau ni kwamba alitoka familia yenye uwezo, na kwamba hata yeye hakuanza na nakala elfu.

Pia usiifunge njia ya kawaida kabla hujaijaribu. Wapo wachapishaji wa Kitanzania wenye vitabu vya watoto kwenye orodha zao, kama Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na E & D Vision, iliyoanzishwa na Elieshi Lema na Demere Kitunga. Kuwapelekea muswada hakukugharimu kitu isipokuwa subira, na subira yenyewe inaweza kuwa ndefu. Wakikubali, utakuwa mtunzi, pengine na mchoraji, lakini usanifu utafanywa na watu wao. Kwa mtu mwenye ndoto yako hilo linaweza kukukera. Kwa mtu anayetaka kitabu kiwafikie watoto wa Mtwara na Bukoba, huenda ndiyo njia fupi kuliko zote.

Usanifu nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo kitabu chako kitakapoonekana cha mtu anayejua au cha mtu anayebahatisha.

Kitabu chembamba cha watoto hupigwa pini katikati. Kinaundwa kwa karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi iliyokunjwa mara moja inatoa kurasa nne. Ndiyo maana utaona vya kurasa 16, 24 au 32, na hutaona cha 22. Chukua karatasi sita za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, piga pini: hapo una kitabu cha A5 chenye kurasa 24. Ukurasa wa kwanza ni wa jina la kitabu, wa pili ni wa haki, mwaka, mchapishaji na ISBN. Hadithi inaanzia ukurasa wa 3, upande wa kulia, kisha unapata jozi kumi za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 22 na 23, na ukurasa wa 24 unabaki peke yake kwa kumalizia. Hicho ndicho kiwanja chako. Hadithi yenye matukio kumi na saba ama itapunguzwa ama itasongamana.

Gawa maneno yako kwenye hicho kitabu kitupu kwa penseli kabla hujachora tena hata mstari mmoja. Utagundua kwamba kufungua ukurasa ni sehemu ya kusimulia. Kurasa za kulia huwa na namba witiri, na mtoto akifika mwisho wa ukurasa wa kulia mkono wake uko tayari kufungua. Basi babu ainue taa kwenye ukurasa wa 9, na alichokiona kiwe ukurasa wa 10. Ukiviweka 8 na 9, jicho la mtoto litakuwa limeshaona samaki mkubwa kabla hujafungua mdomo.

Halafu hadithi isomwe, lakini usiisome wewe. Wanafunzi wako wanaipenda hadithi, sina shaka, ila wanakupenda na wewe, wanaipenda sauti yako, na picha unawafafanulia kwa mikono. Mpe mwalimu mwenzako akaisome darasa jingine, wewe kaa nyuma na daftari. Andika pale wanapoanza kuchezea kalamu. Kisha wape wawili wawili waisome wenyewe, ndipo utakapojua sentensi zipi ni za mwalimu na zipi ni za mtoto wa darasa la pili.

Kuhusu herufi: kuna fonti inayoitwa Andika, imetengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na ni ya bure kisheria. Herufi a na g zimo kwa umbo lile unalowafundisha kuandika, na l ndogo, I kubwa na tarakimu 1 haziwezi kuchanganywa. Ukubwa wa 18 unawafaa watoto wako. Hapo Kiswahili chetu kinaleta shughuli yake. Mstari wa sentimita 12 kwa ukubwa huo unabeba herufi thelathini na kitu hivi. Neno kama "walipomwonyesha" lina herufi 15, karibu nusu ya mstari. Ukiagiza kompyuta inyooshe mistari pande zote mbili, itafungua mapengo makubwa kati ya maneno, na mtoto anayefuatisha kwa kidole atapotelea humo. Panga upande wa kushoto tu, kulia pabaki na mawimbi, na usikate neno kwa kistari. Tena kata mistari kwa pumzi. "Babu akachukua / kapu lake kubwa" inasomeka. "Babu akachukua kapu / lake kubwa" inamkwaza msomaji mchanga ambaye ameshafika "kapu" akadhani habari imekwisha.

Picha nazo zina mitego yake. Mchore babu akiwa mbele, ubavuni, amekaa, ameinama, kwenye karatasi moja, uibandike ukutani, ili asizeeke na kurudi ujana kila ukurasa. Usiweke uso wa mtu kwenye kunjo la katikati, utamezwa na pini. Acha nafasi tulivu ya maneno, mbingu au mchanga, badala ya kuyabandika maneno juu ya nyavu na mitumbwi. Na samahani kwa kuuliza: kuna mbalamwezi kwenye picha zako? Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Ukichora mwezi mzima juu ya mitumbwi iliyorudi imejaa, mtoto wa Masaki kule Dar hataona kitu, ila mtoto wa Kibirizi atakucheka, na huyo ndiye msomaji wako wa kwanza.

Rangi zitakusumbua, na ni vizuri ujue sababu. Simu yako inaonyesha rangi kwa mwanga. Mtambo unazitengeneza kwa wino wa aina nne, samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, kwenye karatasi isiyotoa mwanga wowote. Rangi nyingine za kioo cha simu hakuna wino unaozifikia. Kwa kitabu chako zitakazoumia ni mbili: bluu ya ziwa, ambayo hugeuka zambarau kama kiasi cha ule wino wa pili kimekaribiana na samawati, na rangi ya mawese, ambayo hufifia. Usikubali kuhakikishiwa kwa kuonyeshwa kioo cha kompyuta. Lipa ukurasa mmoja wa majaribio, kwenye karatasi ileile itakayotumika, uutazame nje, kwenye mwanga wa jua.

Michoro usiipige picha kwa simu. Iskanishwe, kwa ukubwa utakaochapwa au zaidi, kwa nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 uliofanywa hivyo una nukta 2480 kwa 3508. Picha ikigusa ukingo wa ukurasa, irefushe milimita 3 zaidi nje ya ukingo, kwa sababu kisu cha kukatia hakipiti palepale kila mara, na bila ziada hiyo utapata uzi mweupe pembeni. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha, la sivyo itabanwa na kupoteza ubora. Programu za bure zinatosha kuanzia: Scribus kwa kurasa, Krita au GIMP kwa picha.

Sasa fedha, na hapa rafiki zako wamekwambia nusu ya ukweli. Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano tu, si bei za mtu yeyote. Mtambo wa ofseti, ule mkubwa wa kuchapa nakala nyingi, unahitaji pleti (mabamba ya kuchapia) na maandalizi kabla ya nakala ya kwanza. Tuseme 1,200,000, kisha kila nakala 1,500. Ukichapa 100, kila moja imekugharimu 13,500. Ukichapa 500 ni 3,900. Ukichapa 1,000 ni 2,700. Mashine ya dijitali, kama ya hiyo steshenari, haina pleti. Tuseme kila nakala 4,500, uchape kumi uchape mia. Rafiki zako wanaona 2,700 dhidi ya 4,500 na kesi imekwisha. Lakini huo ni mgawanyo wa nakala zilizochapwa. Wewe gawa kwa zitakazouzwa. Ukichapa 1,000 kwa 2,700,000 na ukauza 300 mwaka wa kwanza, kila iliyouzwa imekugharimu 9,000. Ukichapa 100 za dijitali na kuziuza zote, ni 4,500 ileile uliyoambiwa.

Na zilizobaki zinakaa wapi? Kitabu hicho cha kurasa 24, kwa karatasi ya gramu 115 na jalada la gramu 250, kina uzito wa gramu 60 hivi. Elfu moja ni kilo 60. Ukizichapia Dar, zisafiri kilometa 1,250 za reli au barabara kuja Kigoma, halafu ukae nazo chumbani masika yote pamoja na mchwa. Maboksi yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na hata hapo yachungulie mara kwa mara.

Kuna na duka. Panga kwamba duka litabaki na theluthi hivi ya bei. Ukiandika 6,000 nyuma ya kitabu, unapata 4,000, na kama nakala ilikugharimu 4,500 umempa mnunuzi zawadi ya 500 bila yeye kujua. Kwa nakala chache za mwanzo duka halikufai. Uza mkono kwa mkono: mahafali, vikao vya wazazi wa shule nyingine, misikiti na makanisa yenye madarasa ya watoto, nyumba za wageni zinazopokea watu wanaokwenda hifadhi ya Gombe. Huo mfumo hautakutajirisha, lakini utakuonyesha nani ananunua na kwa bei gani, na taarifa hiyo hakuna wa Dar atakayekuuzia.

Nimesema shule nyingine kwa makusudi. Kumuuzia mtoto unayemfundisha ni jambo linaloweza kueleweka vibaya hata kama nia yako ni safi. Zungumza na mwalimu mkuu mapema, na kitabu cha shuleni kwako kitoe bure maktaba ya darasa. Ukitaka kitabu kitumike rasmi mashuleni kama cha ziada, njia inapita kwenye tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hiyo si safari ya kitabu cha kwanza kilichochapwa nakala hamsini. Kuna pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na taasisi hiyohiyo, nayo imefungua mlango kwa hadithi za watoto. Soma masharti ya mwaka husika, hasa yanayohusu kazi iliyokwisha kuchapishwa, kabla hujapeleka kitabu mtamboni.

Na kama shauku yako kubwa ni kusomwa, kuna African Storybook ya Afrika Kusini, inayoweka hadithi za watoto mtandaoni, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria. Ukiweka yako humo, mtu yeyote ataisoma, ataitafsiri, ataichapa, na wewe hupati senti. Kwa hadithi moja fupi ya kukutambulisha, naona ni biashara nzuri. Hii ya mwaloni ningeizuia.

Basi, inamlisha mtu Kigoma? Utunzi peke yake, kwa miaka ya mwanzo, hapana. Uchapishaji peke yake, hapana, utakula mtaji. Usanifu, ndiyo, taratibu. Tazama kinachochapwa hapa mjini: ripoti za vyama vya akiba na mikopo, vijitabu vya jubilei za parokia, kalenda za madrasa, mabango ya afya, vitini vya mashirika yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo, vitabu vya historia za koo ambavyo wazee wamekaa navyo kwenye madaftari. Vingi vimepangwa na mtu aliyelazimishwa na steshenari, si aliyesomea wala kupenda. Ukiwa na kitabu kimoja kizuri mkononi cha kuonyesha, una kitu ambacho wenzako hawana. Toza kwa ukurasa au kwa kazi nzima, pokea nusu kabla ya kuanza, na taja kwenye makubaliano marekebisho yatakuwa mara ngapi, la sivyo kijitabu cha jubilei kitakurudia hadi jubilei nyingine.

Ualimu usiuache sasa. Uache, ukitaka, pale ambapo kazi za usanifu zimekuletea kwa mwaka mzima, pamoja na ile miezi ambayo hakuna anayepiga simu, kiasi kinachokaribia mshahara wako. Likizo zako ni muda wa kutosha kwa kitabu kimoja kwa mwaka. Na ukishajiita mchapishaji watakuja wenzako na miswada yao. Wasikilize, wasanifie kwa malipo, lakini usiwachapishie kwa fedha zako mpaka umeuza vitabu vyako viwili. Ukichapisha cha mtu una deni la mrabaha na la hesabu zilizo wazi, na urafiki mwingi umefia hapo.

Huna haja ya kufungua kampuni. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na kwa suala la leseni, afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ana kwa ana, akuambie shughuli yako inaangukia wapi. Kuhusu ISBN anza kwa kuuliza maktaba ya mkoa. Lugha yako naiona safi, ila mtafute mhariri asome, asiwe ndugu yako. Na kitabu kikielekea mashuleni, BAKITA ndio wenye ithibati ya lugha.

Kuna mahali pawili ambapo barua kama hii haitoshi. Ukipewa mkataba wowote wenye maneno "haki zote" au "milele", au ukidaiwa kusaini upesi kabla bei haijabadilika, mpelekee wakili akusomee kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ada yake ya kusoma kurasa chache ni ndogo mbele ya milioni mbili. Na kama fedha umeshaituma wakati barua hii inachapwa, kusanya ujumbe wote wa simu na risiti za miamala, usifute kitu, uende navyo kwa huyo wakili wiki hii. Ikionekana kazi yako inatumiwa bila ridhaa yako, COSOTA nao wapewe taarifa.

Kama hujaituma, nenda steshenari ukachape hizo 50, baada ya ukurasa wa majaribio. Bluu ikitoka zambarau, warudishie wapunguze wino wa majenta.